Nyumba ya ushirika ya kabla ya vita, Brooklyn Heights: maswali mnayoniuliza kila mara

Haipiti wiki bila ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa Mswahili mwenzangu wa New Jersey, Boston au Minneapolis akiuliza mambo yaleyale kuhusu fleti ninayokaa hapa Brooklyn, New York. Kidole gumba kimechoka, kwa hiyo nimeyakusanya majibu hapa. Mimi si wakili wala dalali. Ni mwenye hisa wa kawaida katika jengo la miaka ya 1920, na nimelipa ada ya kujifunza.

Kwani umenunua nyumba au umenunua hisa?

Hivi ndivyo alivyoniuliza mama kwa simu kutoka Tanga, na kati ya maswali yote hili ndilo lenye akili. Nimenunua hisa. Jengo zima, kuanzia boila kule chini hadi tangi la maji la mbao juu ya paa, ni mali ya kampuni moja, na wenye kampuni ni sisi tunaokaa humo. Ukinunua hupewi hati miliki ya nyumba. Unapewa cheti cha hisa pamoja na mkataba wa pango wa miaka mingi unaokupa haki ya kukaa kwenye fleti fulani. Yaani wewe ni mpangaji, na mwenye nyumba wako ni wewe huyohuyo na majirani zako. Chukua SACCOS, toa mikopo, weka jengo la ghorofa: umepata picha.

Mama alinyamaza kidogo, akasema: "Basi mwanangu, umeingia kwenye chama." Sijapata maelezo mazuri zaidi ya hayo, na kila kilichoandikwa hapa chini kinatokana na sentensi hiyo.

Na kondo je?

Kondo ni fleti ya aina nyingine (wakunga mnisamehe, ndivyo inavyoitwa): unaimiliki mwenyewe, kwa hati yako. Hakuna bodi ya kukuhoji kama ya kwetu, lakini bei huwa juu zaidi na ukikopa benki unalipa kodi ya kusajili rehani. Hisa za ushirika kwa sheria ya New York huhesabiwa kama mali inayohamishika, si ardhi, kwa hiyo kodi hiyo haitugusi.

"Kabla ya vita": vita ipi?

Vita Kuu ya Pili. Dalali wa New York akitamka maneno hayo anamaanisha jengo lililomalizika takriban kabla ya mwaka 1940: kuta nene, dari ya futi tisa au zaidi, sakafu ya mbao za mwaloni, lipu iliyopigwa kwa mkono, ukumbi mdogo wa kuingilia ambao siku hizi hakuna mjenzi anayekubali kuupotezea nafasi. Jirani akipiga piano, husikii. Ila ukigonga msumari wa kutundika picha, lipu inamung'unyuka kama kashata iliyokaa siku nyingi.

Maneno hayo yana maana nyingine ambayo dalali haitamki. Nyaya za umeme zinaweza kuwa za enzi hizo, na mabomba ya maji yakawa ya chuma kilicholiwa na kutu kwa ndani. Rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, ilipigwa marufuku kwenye nyumba za New York mwaka 1960, kwa hiyo chini ya matabaka ya rangi nyeupe ya jengo la 1926 chukulia kwamba ipo. Ukiwa na watoto wadogo, usikwangue ukuta mwenyewe.

Na jengo kuwa la zamani haimaanishi ushirika wake ni wa zamani. Mengi yalijengwa kwa ajili ya kupangisha, yakageuzwa kuwa ya ushirika miaka ya 1970 na 1980 wenye majumba walipoona afadhali wauze. Ushirika wenyewe, ule wa watu wa kipato cha chini kujijengea bila kutafuta faida, Brooklyn waliuanza wahamiaji wa Kifini kule Sunset Park mwaka 1916. Jengo lao waliliita Alku, yaani "mwanzo".

Kwa nini Brooklyn Heights?

Nilipatembelea Jumapili moja nikashindwa kuondoka, basi. Ni mtaa uliokaa juu ya mwinuko mkali, ng'ambo tu ya ncha ya Manhattan. Kuna barabara zenye majina ya matunda, Pineapple, Orange na Cranberry, na nyumba za matofali za karne ya 19. Kanisa la Plymouth liko Orange Street. Katika karne hiyo mchungaji wake, Henry Ward Beecher, alihubiri humo dhidi ya utumwa. Ukienda hadi mwisho wa Montague Street unatokea Promenade, ujia wa watembea kwa miguu uliofunguliwa mwaka 1950, na mbele yako ni bandari, Sanamu ya Uhuru na Daraja la Brooklyn la 1883.

Mwaka 1965 mtaa huu ulikuwa wa kwanza jijini New York kutangazwa eneo zima la urithi wa kihistoria. Kwa mkaaji maana yake ni kwamba hata madirisha hubadilishi kwa kupenda: lazima kibali cha tume ya jiji inayolinda majengo ya kihistoria, na umbo jipya lifanane na la zamani. Wengine wanaona usumbufu. Mimi naona ndiyo sababu mtaa bado upo.

Kasoro yake: chini ya Promenade inapita barabara kuu ya magari, BQE, iliyojengwa kwa tabaka mbili zilizoning'inia ubavuni mwa mwinuko. Sehemu hiyo imechakaa kiasi kwamba mwaka 2021 jiji lilipunguza njia kutoka tatu hadi mbili kila upande, na ukarabati mkubwa unajadiliwa miaka nenda rudi. Fleti za upande huo zina mandhari ya kutoa machozi na mngurumo wa malori usiokwisha. Nenda usiku, fungua dirisha, sikiliza kabla ya kutia sahihi.

Bodi ni akina nani hata wanihoji?

Ni majirani zako watarajiwa, waliochaguliwa na wanahisa wenzao, wanaofanya kazi hiyo bila malipo na mara nyingi wakiwa wamechoka. Unawapelekea faili lenye marejesho yako ya kodi, taarifa za benki, barua ya mwajiri na barua za marafiki wanaokufahamu. Wakiridhika nalo wanakuita. Usaili wangu ulifanyika sebuleni kwa mmoja wao: kiti cha kukunja, sahani ya biskuti ambayo hakuna aliyeigusa, watu watano wenye nakala ya mshahara wangu mapajani. Waliniuliza kama napiga ala ya muziki, nitabadilisha jiko lini, na kama nina mbwa. Dakika ishirini. Ushauri nilioupata kwa wakili wangu ulikuwa mfupi: jibu ulichoulizwa, usiulize chochote, usisifie mandhari.

Bodi inaweza kukukataa bila kukwambia sababu. Mimi nilikataliwa na jengo la kwanza, kwa barua ya sentensi mbili. Nilikaa siku kadhaa nikijiuliza ni jina langu, lafudhi, au akaunti yangu ya akiba. Sheria inawakataza kubagua kwa rangi, dini, asili ya mtu, familia yenye watoto na mengineyo, na sheria ya haki za binadamu ya Jiji la New York inaongeza uraia na hadhi ya uhamiaji. Lakini bila sababu iliyoandikwa, utathibitisha vipi? Hilo ndilo doa la mfumo huu, na sitalifunika kwa kanga. Amana yangu walinirudishia yote, kwa sababu mkataba wa mauzo huwa na sharti la kukubaliwa na bodi. Hakikisha wako unalo.

Ukishaingia pia, chama kina meno. Mwaka 1990 Mahakama ya Rufani ya New York iliamua katika kesi ya Levandusky kwamba bodi ikitenda kwa nia njema, ndani ya mamlaka yake na kwa faida ya ushirika, mahakama haitaingilia uamuzi wake. Mwaka 2003 mahakama hiyohiyo ikaruhusu jengo moja la West 67th Street, Manhattan, limtoe mwanahisa aliyegombana na majirani kupita kiasi, baada ya wenzake kupiga kura. Kwa hiyo msalimie bibi wa ghorofa ya tatu.

Niwe na pesa kiasi gani?

Twende na hesabu, si hadithi. Tuseme fleti ni dola 800,000. Majengo mengi yanataka utoe angalau asilimia 20 mkononi. Tuchukue 25, yaani 200,000. Zinazobaki, 600,000, ukopeshwe kwa miaka 30 kwa riba ya asilimia 6.5: unalipa kama 3,790 kwa mwezi. Tuseme ada ya jengo ni 1,600. Jumla 5,390.

Sasa bodi inakuja na vipimo vyake viwili. Cha kwanza, malipo hayo, pamoja na madeni yako mengine, yasizidi robo au kidogo juu ya robo ya mapato yako kabla ya kodi. Kwa asilimia 28, na kama huna deni lingine hata la gari, kaya yako iwe inaingiza karibu 231,000 kwa mwaka. Cha pili ndicho kinachowaangusha wengi: baada ya kulipa kila kitu, ubakiwe na akiba ya kutosha kulipa gharama hizo mwaka mmoja au miwili. Miwili hapa ni karibu 130,000, na bodi nyingi hazihesabu fedha za pensheni.

Ongeza wakili (huku kila upande una wake), ada za benki na za kampuni inayosimamia jengo. Bei ikifika dola milioni moja kuna kodi ya jimbo inayoitwa ya makasri, inayoanzia asilimia 1 na hulipwa na mnunuzi. Makasri yenyewe wakati mwingine ni vyumba viwili na jiko. Ndiyo maana unaona fleti nyingi zinauzwa 999,000.

Pesa yangu ya kianzio nimeipata kwenye upatu. Kuna shida?

Shida haiko kwenye upatu, iko kwenye karatasi. Benki na bodi wataona dola 20,000 zimeingia ghafla na watauliza zimetoka wapi. Maelezo ya "zamu yangu ilifika" hayana fomu. Ulizeni watu wa kwetu waliojaribu. Njia niliyoiona ikifanya kazi ni kuiacha pesa itulie kwenye akaunti miezi kadhaa kabla hujaomba chochote, na kuweka kumbukumbu za michango yako ya kila mwezi ili ionekane ni akiba yako iliyokuwa inazunguka. Pesa ya zawadi kutoka kwa ndugu inahitaji barua ya aliyetoa kwamba si mkopo, na yapo majengo yasiyokubali zawadi kabisa.

Jingine: pesa unazotuma nyumbani kila mwezi zinaonekana kwenye taarifa zako. Si kosa. Ila zijumlishe mwenyewe kabla hawajakujumlishia.

Sitaki riba. Nikilipa taslimu nimepona?

Mkopo wako utakuwa haupo, ndiyo. Lakini majengo mengi ya ushirika yana rehani ya jengo zima, na riba yake inalipwa kutokana na ada ya kila mwezi ya kila mwanahisa, aliyekopa na asiyekopa. Uliza kama jengo lina deni hilo na ni kiasi gani. Machache hayana. Hukumu yake muulize sheikh wako. Nilichotaka ni uende kwake na swali lililokamilika.

Ada ya mwezi inakwenda wapi?

Kodi ya majengo ya jiji, ambayo kwa kawaida ndiyo fungu kubwa kabisa. Rehani ya jengo kama ipo. Mishahara ya mabawabu, wasafishaji na msimamizi wa jengo, ambao wengi wako kwenye chama cha wafanyakazi cha 32BJ (bahasha za Krismasi ni nje ya ada, usijifanye hujui). Mafuta au gesi ya boila, maji, bima, lifti. Kila fleti imepewa idadi ya hisa kulingana na ukubwa, ghorofa na inachokiona, na unalipa kwa hisa. Anayeona bandari anailipia kila mwezi, siyo siku ya kununua tu.

Halafu kuna mchango wa dharura. Mwaka 1979 kipande cha jengo kilianguka kutoka juu huko Manhattan kikamuua Grace Gold, mwanafunzi wa Chuo cha Barnard. Mwaka uliofuata jiji likatunga sheria ya kukagua kuta za nje, ikakazwa mwaka 1998, na leo kila jengo lenye zaidi ya ghorofa sita lazima likaguliwe kila baada ya miaka kadhaa. Jengo la matofali la miaka mia moja halikosi kasoro. Jukwaa la mafundi linaundwa ukutani, wanapanda, na ada peke yake haitoshi. Mwaka wangu wa pili niliambiwa nichangie dola 9,400 kwa awamu kumi na mbili. Nilikuwa nimepanga kwenda Tanga mwaka huo.

Na lipo jingine: Sheria ya Jiji Namba 97 ya mwaka 2019, inayoweka kikomo cha hewa ukaa kwa majengo ya zaidi ya futi za mraba 25,000. Imeanza kubana mwaka 2024 na itabana zaidi 2030, kwa faini ya dola 268 kwa kila tani inayozidi. Boila kuukuu litamgharimu kila mwanahisa. Uliza jengo limejipangaje.

Wakili wangu ana kazi gani hasa?

Kukusomea vitabu vya chama. Dalali atakuonyesha jiko. Wakili atakwenda kusoma, au atatumiwa, mihtasari ya vikao vya bodi. Humo ndimo jengo linaposema ukweli. Neno "uvujaji" likijirudia vikao sita mfululizo kwenye safu ileile ya fleti, huo si uvujaji tena, ni bomba kuu. Aangalie hesabu za miaka miwili, akiba ya jengo, rehani inaiva lini, wanahisa wangapi wana malimbikizo, kuna kesi gani mahakamani, na fleti ngapi bado ni za yule mwekezaji aliyeligeuza jengo. Na ardhi: yapo majengo ya ushirika yaliyokaa juu ya kiwanja cha kupanga. Mkataba wa kiwanja ukikaribia kuisha, kimbia.

Eti baridi ikianza mnapigiwa ngoma na rejeta?

Eti? Rejeta ni kile chuma cha kupashia chumba joto. Saa kumi na moja alfajiri, kwanza unasikia mluzi mwembamba kama birika linalokaribia kuchemka. Kisha kimya. Kisha *ko, ko, ko-ko*, kama mtu anagonga sufuria kwa mwiko ndani ya ukuta. Usiku wa kwanza nilikwenda kufungua mlango nikidhani ni jirani.

Ni mvuke. Majengo haya mengi yanatumia bomba moja: mvuke unapanda ndani yake, unapoa kwenye rejeta, unakuwa maji, na maji yanarudi chini kwa bomba lilelile. Rejeta ikilalia upande usiofaa, maji yanatuama, mvuke unayakumba, na hiyo ndiyo ngoma. Msimamizi wetu, mzee mwenye tochi mfukoni daima, alikuja, akaweka kipimo cha fundi juu ya rejeta, akatikisa kichwa, akachomeka vibao viwili vidogo chini ya miguu ya mbali ili iinamie bombani. Kelele ikaisha. Kuhusu vali ya chini akaniachia amri moja: fungua yote au funga yote, kamwe isiwe katikati.

Baridi hutaipata. Sheria ya jiji inataka, kuanzia Oktoba 1 hadi Mei 31, ndani kuwe na nyuzijoto 20 za Selsiasi mchana ikiwa nje ni chini ya 13, na karibu 17 usiku. Jengo letu linazidisha. Januari nafungua dirisha nikiwa na kanga tu.

Naweza kubomoa ukuta? Mashine ya kufulia?

Ukuta, kwa kibali cha bodi, mkataba wa ukarabati, bima ya fundi, na mara nyingi msanifu majengo. Kuhamishia bafu au jiko juu ya chumba cha kulala cha jirani wa chini, sahau. Mashine ya kufulia majengo mengi hayaruhusu, mabomba ya maji machafu hayamudu povu. Zipo za pamoja ghorofa ya chini kabisa, na huko ndiko utakakopata habari zote za jengo. Sakafu yako nzuri ya mwaloni, kanuni za nyumba zitakutaka ufunike asilimia 80 kwa zulia.

Samaki wa kukaanga si marufuku. Ila jikoni hewa inatokea dirishani tu, na dirisha langu linatazamana na la bibi wa ghorofa ya tatu. Siku za papa namwonya mapema.

Mama akija miezi sita?

Aje. Sheria ya New York inakuruhusu kukaa na familia yako ya karibu. Kinachokatazwa kwenye kanuni nyingi ni wageni kukaa wewe ukiwa haupo, na kupangisha kwa siku chache kwa watalii. Kuipangisha fleti kwa mwaka mzima nako kunahitaji ruhusa, na yapo majengo yanayokupa miaka miwili tu ndani ya mitano. Anayetafuta nyumba ya kuwekeza huku anaishi kwingine, hapa si mahali pake.

Mafuriko je, si mko kando ya maji?

Kando, lakini juu. Oktoba 29, 2012, kimbunga Sandy kilipofikisha maji ya bandari zaidi ya mita nne juu ya kiwango cha maji kupwa, mitaa ya DUMBO hapo chini na Red Hook iliingia maji. Mwinuko wa Heights ulibaki mkavu. Usiishie kwenye jina la mtaa, angalia ramani ya mafuriko ya anwani yenyewe, maana mteremko mmoja tu unabadilisha kila kitu.

Kwa hiyo dirishani unaiona bahari?

Kwanza ni East River, na licha ya jina si mto: ni mkono wa bahari, una chumvi na maji hupwa na kujaa kama Kilindini. Pili, madirisha yangu yote yanatazama ua wa ndani wenye matofali na mabomba. Hisa zangu ni chache. Lakini bafuni, ukipanda ukingo wa beseni la kuogea na kushika bomba la mvuke (kiangazi tu), unaona upande wa kulia kipande cha maji upana wa kiganja, na saa nyingine feri inapita humo.

Bodi haijui. Wakijua wataniongezea hisa.